Rangi Inayokubali Sabuni

Leo tuko ndani ya nyumba, tena tumegeukia ukutani. Ukuta wa nje, ule wa kuwapendeza wapita njia, tutauacha kwa siku nyingine. Nazungumzia ukuta wa sebuleni, wa korido, wa chumba cha watoto na wa jikoni: ukuta unaoshikwa, unaoegemewa, unaochorwa kwa kalamu ya nta wakati mama yuko uani anakaanga vitumbua.

Ingia katika nyumba yoyote yenye watoto, iwe Tabata, Nyegezi au Kisauni, utazame kuta zake kwa jicho la mtu anayekwenda kununua rangi. Kuzunguka swichi ya taa kuna weusi wa vidole. Nyuma ya kochi, pale baba anapolaza kichwa akisikiliza taarifa ya habari, kuna doa la mafuta ya nywele. Kwenye kona ya korido kuna mchubuko wa baiskeli. Jikoni, jirani ya jiko, kuna vitone vya bizari vilivyoruka siku ya pilau. Sasa inua macho. Kuanzia usawa wa bega la mtu mzima kwenda juu, ukuta ni ule ule wa siku fundi alipofunga mabrashi yake akaondoka, ukiacha damu ya mbu mmoja mmoja aliyekutana na kandambili.

Kwa hiyo ukuta mmoja una kazi mbili. Chini unaguswa, juu unatazamwa. Sisi tunaupaka rangi moja kutoka sakafuni hadi darini, na kwa kuwa ndoo zinazohitajika ni nyingi, tunachagua ya bei nafuu. Ikifika Krismasi au Idi tunawalaumu watoto.

Waliojenga shule na zahanati zetu walilijua jambo hili zamani. Kama ulisoma shule ya msingi ya serikali, unaukumbuka ukuta ule: chini rangi ya mafuta, ya kijivu, ya buluu au ya kahawia, ikipanda hadi kifuani pa mwalimu, juu rangi ya maji, nyeupe au krimu, katikati mstari mnyoofu. Darasa lilikuwa na watoto wengi, kila mmoja na mikono yake, na bado tambara lenye maji na sabuni lilitosha. Nyumbani tunaukataa mtindo huo kwa sababu eti unafanana na wodi. Mimi nasema turudi huko, ila bila ile buluu ya wodi. Hakuna sheria inayosema sehemu ya chini lazima iwe ya rangi ya kutisha. Weka krimu chini na krimu juu, tofauti iwe kwenye aina ya rangi na mng'ao wake. Hata hivyo rangi moja ikiwa na ming'ao miwili huonekana kama rangi mbili zinazokaribiana, kwa hiyo piga mstari uliopimwa kwa kamba, au gongelea ubao mwembamba kuzunguka chumba. Ubao huo una faida nyingine: ukiuweka usawa wa mgongo wa kiti, viti vitagonga mbao, siyo ukuta.

Sasa swali la msingi. Kwa nini rangi moja inavumilia sabuni na nyingine inatoka na tambara?

Rangi ya ukutani, ukiondoa maneno ya matangazo, ni vitu vitatu. Kuna unga, kuna gundi, na kuna kimiminika cha kuvichanganya, ambacho hukauka na kwenda zake. Unga ndio unaofunika ukuta. Sehemu yake bora ni titani dioksaidi, ule weupe mkali, na ni wa gharama. Ili kupunguza gharama, kiwanda huongeza unga wa chokaa ya mawe na wa mawe mengine laini. Gundi ndiyo inayoshikanisha unga huo wenyewe kwa wenyewe na kuubandika ukutani. Fikiria kashata. Kashata yenye sukari ya kutosha inashika, inang'aa, na ukiibeba mfukoni inafika nzima. Yenye karanga nyingi na sukari ya kuonjesha inabaki vipande vipande mkononi. Rangi ya bei ya chini kabisa ni kashata ya aina hiyo ya pili. Unga ni mwingi, gundi haba. Inafunika vizuri siku ya kwanza, tena inapendeza, lakini uso wake umejaa vishimo visivyoonekana kwa macho. Uchafu unaingia humo, maji yanaufuata, na ukisugua, unga unaachia.

Ndiyo maana mafundi hupima uimara kwa mng'ao. Ile isiyong'aa, wanayoiita mati, mara nyingi ina gundi kidogo. Silki ina zaidi, nayo inang'aa kwa upole. Semi-glosi inaizidi silki, na glosi inang'aa kama sufuria mpya. Kadiri gundi inavyoongezeka uso unafunga, mwanga unarudi badala ya kutawanyika, na doa linabaki juu likisubiri kufutwa. Kanuni hii ni nzuri lakini haina ukweli wote. Siku hizi zipo rangi za mati zilizotengenezwa kwa gundi bora zinazooshwa vizuri tu, na bei yake inakuonyesha hivyo mapema. Zipo pia rangi zinazoitwa silki kwa jina la kwenye kopo tu.

Utajuaje? Kuna kipimo. Nchi za Ulaya zina kiwango kinachoitwa EN 13300, na makopo kadhaa yanayoingia kwetu hubeba alama yake. Maabara hupaka rangi, huiacha ikauke siku 28, halafu huisugua ikiwa na maji mara 200 na kupima imepungua unene kiasi gani. Ikipoteza chini ya mikrometa 5, ni daraja la 1. Kati ya 5 na 20, daraja la 2. Kati ya 20 na 70, daraja la 3. Zinazobaki zinapimwa kwa kusuguliwa mara 40 tu, maana 200 hazifiki. Sasa sikia hesabu hii. Lita moja ikipakwa kwenye mita 10 za mraba, huweka utando wa maji wenye mikrometa 100. Maji yakishakauka inabaki kama theluthi moja, au zaidi kidogo. Mikono miwili ya rangi, basi, ni mikrometa 70 hivi. Rangi ya daraja la 3 iliyo upande dhaifu inaweza kwisha yote kwa kusuguliwa mara hizo 200, na tambara likakutana na plasta. Kwa hiyo kwa sehemu ya chini ya ukuta wa familia, tafuta daraja la 1 au la 2. Kama kopo halina alama hiyo, muulize muuzaji karatasi ya maelezo ya kiwanda. Akikujibu, "Mama, hii ni nzuri, wote wanachukua hii," hajakujibu.

Na kama huna pa kuuliza, nunua kopo dogo kabisa, paka kipande cha ubao au kona ya stoo, kaa nacho wiki tatu au nne, kisha weka alama ya kalamu ya nta, ya wino na ya mafuta ya kupikia. Osha. Tazama mambo mawili yaliyo tofauti: je, doa limetoka, na je, tambara limechukua rangi? Ipo rangi isiyotoka kwenye tambara lakini inalinda doa kama amana. Na ipo mati ambayo doa linatoka, ila pale uliposugua panabaki panang'aa, na jioni taa ikiwaka unaona kiraka.

Tukifika hapa lazima tuizungumzie rangi ya mafuta, kwa kuwa wengi wetu tukisikia "ya kuoshwa" tunakimbilia huko. Ni kweli ni ngumu. Lakini ina tabia tatu ambazo fundi huwa hazitaji. Ya kwanza ni harufu, na hiyo tapentaini yake katika nyumba yenye mtoto mchanga au mwenye pumu si jambo la kupuuza. Ya pili, nyeupe yake hugeuka njano ndani ya nyumba, hasa pasipofika jua; sogeza kabati baada ya mwaka mmoja au miwili utaona ramani yake ukutani.

Ya tatu ndiyo kubwa, na inamaliza fedha za watu wengi wanaohamia nyumba mpya. Simenti mbichi ni kali. Ina alkali nyingi. Mafuta yakikutana na alkali na unyevu hugeuka sabuni. Hiki ndicho kitendo kile kile akina mama wa vikundi wanachokifanya wanapotengeneza sabuni ya mche kwa mafuta na kostiki soda. Ukipaka rangi ya mafuta kwenye plasta ambayo haijakaa, unatengeneza sabuni ukutani kwako. Inalainika, inanata, inavimba malengelenge, kisha inabanduka kwa vipande. Mwenye nyumba anakwenda dukani kugomba kwamba kauziwa rangi feki, kumbe rangi ilikuwa halali na ukuta haukuwa tayari. Plasta mpya iache wiki nne angalau, na msimu wa masika uiongezee muda. Halafu itangulizwe praima ya kuzuia alkali kabla ya rangi yoyote ya juu. Kwa nyumba ya kawaida mimi nachagua silki au semi-glosi ya maji kwa sehemu ya chini, na rangi ya mafuta naiachia milango na fremu za mbao.

Katika habari ya mafuta, kuna neno la afya. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilikuwa na madini ya risasi. Marekani ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini mwa mtoto kinachojulikana kuwa salama, na Umoja wa Mataifa unashauri nchi ziweke kikomo cha sehemu 90 katika milioni ya rangi iliyokauka. Ukinunua, chagua kopo lenye alama ya shirika la viwango la nchi yako na lililoandikwa kuwa halina risasi. Na kama umepanga au umerithi nyumba ya siku nyingi, usimwache fundi apige msasa mkavu kwenye rangi kongwe huku watoto wakipita. Iloweshwe kwanza, vumbi lifutwe kwa tambara la maji, na watoto walale kwa bibi.

Ndugu zangu wa pwani nao wana shida yao. Kuna ukuta unaotoa chumvi: unaamka asubuhi unakuta unga mweupe umechanua chini ya dirisha, rangi imevimba. Huenda mchanga ulikuwa wa baharini, au maji yanapanda kutoka ardhini kwa kuwa juu ya msingi hapakuwekwa nailoni ya kuzuia unyevu. Ukuta huo usiufunge kwa rangi ngumu ukidhani umeuponya. Unyevu utatafuta pa kutokea, na utatokea na rangi yako. Tafuta kwanza maji yanatoka wapi.

Na wewe unayekaa nyumba ya mawe Mji Mkongwe Zanzibar, au Lamu, au Mji wa Kale Mombasa, yale niliyoyasema juu ya silki hayakuhusu. Kuta hizo ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Zinavuta unyevu na kuutoa. Ukizivika rangi ya plastiki zinaloa ndani na plasta inaanguka mabonge. Kwa hizo, chokaa kwa chokaa. Ni kweli ukiegemea unaondoka nayo mgongoni. Lakini kupaka upya ni kazi ndogo isiyo na gharama kubwa, na ukali wa chokaa unazuia ukungu.

Sasa tuje kwenye fedha, maana najua kuna mtu anasema, huyu anatuelekeza kwenye rangi ghali. Chukua chumba cha mita 4 kwa 3, kimo mita 2 na sentimita 80. Mzunguko wake ni mita 14. Sehemu ya chini ukiipa kimo cha mita 1 na sentimita 20, ukatoa mlango, unapata kama mita 16 za mraba. Mikono miwili ni mita 32. Kwa lita moja mita 10, unahitaji lita tatu na kidogo. Yaani kopo moja la lita 4 la rangi bora, na linabaki la kuhifadhi. Juu, ukitoa dirisha na mlango, ni mita 20, mikono miwili lita 4 za mati ya kawaida. Rangi ghali, basi, ni kopo moja kwa chumba. Na siku mtoto atakapoharibu kabisa, unarudia chini tu, hadi kwenye mstari. Hili la kurudia lina uzito wake: rangi yenye mng'ao ukiigusia kiraka, kiraka kinaonekana, inabidi upake kipande kizima kutoka kona hadi kona. Ukiwa na mstari, kipande kizima ni nusu ya ukuta.

Dari sina maneno nayo. Mati nyeupe, basi.

Hesabu ile yote ya lita inaharibika kwa jagi la maji. Makopo mengi huruhusu kuongeza maji kidogo, kama asilimia 10, na yapo yasiyoruhusu kabisa. Ukimpa fundi lita 4 akatia lita 2 za maji, kila mkono unaopakwa una theluthi moja pungufu ya gundi na unga uliolipia. Ukuta utafunikwa, utapiga picha, utamshukuru. Tambara la kwanza litasema ukweli. Mara nyingi fundi hafanyi hivyo kwa wizi. Umempa bei ya mkupuo na ndoo zisizotosha, naye anataka amalize. Nunua rangi mwenyewe kwa vipimo, soma kopo mbele yake, na mlipe mikono miwili kama mikono miwili.

Kabla ya rangi kuna skimu, yaani puti ya kulainisha plasta. Puti ya jipsamu inapendeza, inaficha mawimbi ya plasta, na mng'ao unahitaji ukuta laini kwa sababu taa ikipiga upande upande kila donge linajionyesha. Ila jipsamu haipendi maji. Jikoni na karibu na bafu tumia puti ya simenti nyeupe. Na baada ya msasa, pitisha kiganja ukutani: kikitoka cheupe, vumbi bado lipo, na rangi itashika vumbi badala ya ukuta. Lifutwe, praima ipite, ndipo rangi.

Nimalizie na kuosha kwenyewe, kwa sababu kuna watu wananunua rangi sahihi halafu wanaiua kwa steelwool ya masufuria. Tumia sponji laini, maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida ya maji. Anza chini kupanda juu, ili maji machafu yasitiririke kwenye ukuta mkavu na kuacha michirizi. Kisha suuza kwa maji safi ukishuka. Dawa za kung'arisha nguo ziache kwenye nguo, isipokuwa ni ukungu, na hapo zizimuliwe sana na madirisha yawe wazi.

Na msioshe mapema. Rangi ya maji ikishikwa baada ya saa mbili inaonekana kavu, lakini gundi yake inaendelea kufunga kwa wiki kadhaa. Zile siku 28 za maabara zichukue kama zako. Katika mwezi huo doa likitokea, lifutwe kwa tambara lenye unyevu, bila kusugua. Watoto wafundisheni kuchora kwenye karatasi, na kopo lililobaki lifungeni vizuri, muandike juu ya mfuniko jina la rangi, namba yake na chumba ilikopakwa.